Jua Lililopelekwa Matangani

Jumatano, tarehe 21 Mei. Alfajiri mvua ilinyesha kwa fujo, kisha ikakatika ghafla. Kufikia saa tatu uwanja ulikuwa unafuka mvuke, na bata wa jirani walikuwa wamejilaza kwenye dimbwi ambalo jana yake lilikuwa njia.

Hivyo ndivyo nilivyoandika siku ile. Naanza na hali ya hewa kwa sababu ndiyo sehemu pekee ninayoweza kuiapia. Yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu, lakini nilikuwa na lawama ndani yake, na mwenye lawama haoni vizuri. Atakayesoma apunguze au aongeze.

Mimi ni mtunza vyombo wa kikundi cha akina mama cha mtaa wetu, huku Mishomoroni. Tuna masufuria matatu makubwa, miko minne mirefu kama makasia, masinia, ndoo, na mfuniko mmoja wa bati nene ambao ukiusimamisha wanifika kiunoni. Watu husema nilichaguliwa kwa uaminifu. Sidhani. Nadhani ni kwa sababu nyumba yangu ina chumba cha nje chenye mlango wa chuma na kufuli. Shule niliishia darasa la saba. Daftari la vyombo nalo nililikuta limeshapigwa mistari na aliyenitangulia, lina safu mbili tu: kushoto Furaha, kulia Msiba. Chombo hakitoki mpaka kiandikwe upande mmojawapo. Na ipo sheria ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu aijua: msiba hupita mbele. Bwana harusi aweza kungoja, maiti hangoji.

Binti yangu yuko Gredi ya Nane. Darasani walikuwa wakimwita Muhogo, na kosa lilikuwa langu. Muhula uliotangulia kila mtoto aliambiwa apeleke mfano wa moyo wa mwanadamu, uliotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana nyumbani. Wenzake walipeleka udongo uliofinyangwa, au chupa za plastiki zenye maji mekundu na mirija. Mimi nilimwambia muhogo una umbo zuri. Tukauchemsha kidogo ili uchongeke, tukauchonga, tukaupaka rangi. Siku ya pili moyo ukaanza kunuka. Siku ya tatu ukaingia sisimizi, na mtoto mmoja akauliza mbele ya darasa zima kama mgonjwa alikuwa amekula sukari nyingi. Nilifikiri watasahau. Hawakusahau. Hata dukani nimewahi kusikia, "Muhogo, mamako amekutuma nini?" naye akajibu kwa adabu, "Chumvi," kama kwamba Muhogo ndilo jina aliloandikiwa hospitali.

Basi muhula huu likaja somo la jua na sayari zake. Mwalimu wa sayansi, dada mmoja kutoka bara, mwembamba, mwenye sauti ya kuita kuku, aliwaambia kwamba picha za kitabuni zinadanganya: jua na dunia zimechorwa zimekaa bega kwa bega kama maharusi. Alitaka watengeneze mfano wenye kipimo cha kweli, ukubwa kwa ukubwa na umbali kwa umbali. Kila kikundi kichague sayari yake. Akauliza nani ataleta jua. Binti yangu akasimama.

"Nitalileta mimi," akasema. "Nyumbani tunalo."

Nilizipata habari hizo jioni nikikuna nazi.

"Mama, nimesema tunalo."

"Tunalo nini?"

"Jua. Ule mfuniko."

"Ule si wetu, ni wa kikundi."

"Wako chumbani kwetu."

"Vitu vya kikundi kukaa kwetu si kuwa vyetu, mwanangu."

Akasema polepole, akitazama mbuzi ya kukunia, "Wote walicheka, mama. Wakasema Muhogo ataleta jua la muhogo. Nisipolileta, hilo jina nitazikwa nalo."

Nilijua ni kweli, na nilijua nani aliyempa lile jina.

Mwalimu alikuja Jumamosi kuliona. "Shikamoo, mama," akasema, nami nikaitika marahaba na kumfungulia chumba. Aliutoa mfuniko nje, akaupima kwa utepe wa fundi nguo, akapiga hesabu kwenye simu.

"Mama, hii ni poa sana. Hii ikiwa ndio jua, sasa tutafute dunia."

Nikamletea nazi. Akacheka, akasema kubwa. Nikamletea ndimu. Kubwa. Mbele yangu kulikuwa na ungo wa mbaazi niliokuwa nikichambua. Akainama, akachovya vidole, akatoa punje moja.

"Hii hapa."

"Hiyo ndiyo dunia?"

"Dunia yote, mama. Na inakaa hatua mia moja kutoka kwa mfuniko."

Niliitazama ile punje. Sitaki kusema mwalimu alikosea, kwa maana amesoma na mimi sikusoma, lakini moyo wangu ulikataa. Ndani ya mbaazi ile kuwe na Likoni na feri yake, na Changamwe yote na malori yake, na huko kwao bara, na bahari ambayo mimi huiogopa hata nikiwa nchi kavu! Nikatafuta njia ya kukataa bila kumvunjia heshima.

"Mwalimu, hiyo imetobolewa na fukusi. Ina tundu."

Akaigeuza. "Si hata dunia yetu iko na shida zake? Tuchukue hiyo hiyo."

Tukakaa pale kibarazani sisi watatu, tukautengeneza ulimwengu kutoka jikoni kwangu. Zebaki ikawa punje ya mtama. Zuhura ikawa mbaazi nyingine, nzima. Mirihi ikawa pilipili manga. Jupita, ambayo nasikia ndiyo Mshtarii, ikawa ile nazi yangu, maana ilikuwa ndogo na nilikuwa nimeifua vizuri. Zohali ikawa chungwa, ambalo mtoto mmoja wa darasani alishaahidi kulileta, na kwa kuwa Zohali ina pete, binti yangu alisuka kata ya kitambaa cha kanga kuukuu, kata ile tunayoweka kichwani tukibeba ndoo, akaipiga pasi mpaka ikalala bapa. Mbili za mwisho zikawa ndimu. Ya mwisho kabisa, Neptuni, ilitakiwa kwenda kukaa mbali hata mwalimu alipoiangalia kwenye ramani ya simu ilituangukia karibu na soko la Kongowea.

"Mtoto atembee mpaka Kongowea na ndimu mkononi?" nikauliza.

"Watatu, mama. Na mwalimu wa michezo. Huko ndio wataelewa."

Jumapili jioni nilipeleka ombi kwenye kikao cha kikundi. Mwenyekiti wetu ni Mswahili wa ukoo wa zamani, mtu wa taratibu, na sisi sote humwita Bi Mkubwa, hata walio wakubwa kuliko yeye.

"Wataka mfuniko wa nini?"

"Wa somo, Bi Mkubwa. Watoto wanatengeneza mfano wa jua."

"Kwani jua halipo?" Akanyosha kidole dirishani.

"Lipo, lakini lile halipimiki."

"Haya. Ni furaha au ni msiba?"

Swali lilikuwa la haki kabisa, maana daftari halina safu ya tatu. Mwenzetu mmoja, muuza bajia, ambaye hawezi kuona kimya bila kukitia chumvi, akasema, "Ni somo la sayansi? Wangu alipata alama moja kwa kumi na mbili. Andikeni msiba."

Wakacheka mpaka kikombe kikamwagika. Bi Mkubwa hakucheka.

"Msiba hauchezewi. Kuna aliyekufa?"

"Hakuna," nikasema.

"Kuna anayeoa?"

"Hakuna."

"Basi hakuna shughuli, wallahi. Na pasipo shughuli vyombo vyatoka vipi?"

Hapo niliomba nitoke nje. Mwombaji na mtunza vyombo walikuwa mtu mmoja, na hao wawili hawafai kukaa kikao kimoja. Nikasimama uani pamoja na kuku, nikisikia sauti zikipanda na kushuka. Nafikiri walinijadili mimi zaidi ya jua, lakini sina ushahidi, kwa hiyo nafuta hilo. Waliponiita, Bi Mkubwa alitoa hukumu: ni furaha, kwa kuwa mtoto kujifunza ni furaha. Lakini shughuli isiyo na chakula si shughuli, kwa hiyo hao watoto walishwe kitu, hata uji.

Nikaandika upande wa kushoto: *Jumatano. Mfuniko mmoja. Jua.*

Muuza bajia alinifuata mpaka mlangoni. "Ungeandika msiba," akasema. "Utanikumbuka."

Siku ya Jumanne binti yangu alilipaka jua. Rangi ya dukani ingeharibu chombo cha watu, kwa hiyo alipika uji mzito wa ngano, akatia manjano, akausiliba juu ya mfuniko wote, tabaka baada ya tabaka, akichora miali kwa meno ya kitana. Mimi sikugusa. Nilijikataza mikono kwa ajili ya muhogo. Nilishika ndoo tu, na nitakuja kulisema hilo mahali panapostahili. Mume wangu aliporudi kutoka Miritini, alikoshinda akipakua magunia, alisimama mbele ya lile duara la manjano lililoegemezwa ukutani likikauka.

"Limenichoma mchana kutwa huko," akasema. "Sasa limenitangulia nyumbani?"

Saa kumi na mbili jioni tulisikia kilio. Mzee wa nyumba ya nne, aliyekuwa mgonjwa tangu mwaka jana, alikuwa amefariki. Kabla giza halijaingia, mwanawe mkubwa alikuwa mlangoni kwangu na vijana wawili na mkokoteni.

"Mama, tumekuja kwa vyombo. Watu wa Kaloleni wanafika asubuhi. Sufuria kubwa na mfuniko wake, tutapika pilau."

Nikampa pole. Nikafungua daftari, ingawa nilijua litakachosema. Kushoto: Furaha, mfuniko, jua. Kulia palikuwa patupu, panamngoja. Kama tungeandika msiba tangu Jumapili, wa kwanza angekuwa wa kwanza. Lakini tuliandika furaha, tena mimi mwenyewe kwa mkono wangu, na msiba hupita mbele.

Nitakiri. Kwa muda wa kufungua ile kufuli, niliwaza kusema mfuniko umeazimwa na watu wa mbali. Kufuli yetu ni ngumu, kwa hiyo wazo lilikaa kichwani muda mrefu kuliko inavyofaa. Kisha ikafunguka.

"Una rangi kidogo," nikasema.

"Rangi gani?"

"Manjano."

"Ah, si bizari hiyo? Haidhuru."

Wakaupakia. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono ya njano hadi viwikoni. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya. Alisema tu, "Andika, mama."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba jua limepelekwa matangani. Kesho wakiniuliza niwe na karatasi."

Niliandika. *Mimi mtunza vyombo nathibitisha kwamba jua la binti yangu limechukuliwa kwa msiba, kwa haki, bila ubaya wa mtu yeyote.* Nikatia sahihi na tarehe. Aliikunja mara nne, akaiweka ndani ya soksi ya shule.

Mtunza vyombo hufuata vyombo vyake, kwa hiyo Jumatano asubuhi nilikuwa matangani. Mvua ilikuwa imezima mafiga, kuni zimelowa, na wapishi walikuwa wakigombana na moshi. Mwishowe pilau likachemka, maji yakakauka, likafunikwa. Na kwetu pilau la watu wengi huwa halijaiva mpaka lipaliwe: unachota makaa ya moto kwa koleo na kuyatandaza juu ya mfuniko, ili mchele upate moto wa juu na wa chini. Wakayatandaza. Manjano ya binti yangu ikaanza kunukia, akina mama wakanusa na kutazamana, na mmoja akasema pilau la msiba huu lina jambo.

Ndipo nikaona shule inaingia langoni.

Walikuja mistari miwili, sare za shule, kila mmoja ameshika kitu chake kwa vidole viwili kama kidonge: mtama, mbaazi, pilipili manga. Msichana mmoja alikumbatia nazi yangu. Mwalimu alikuwa mbele na ile karatasi yangu mkononi.

"Mama, pole kwa msiba. Nilisoma barua. Imesema jua iko hapa."

"Mwalimu, hapa ni matangani!"

"Ndio. Na mimi niliwafundisha waje na pole."

Watoto wote wakasema kwa sauti moja, kama wanasalimia mgeni darasani, "Po-le-ni kwa msi-ba!"

Waliokuwa wamekaa kwenye viti wakasimama bila kujua kwa nini. Nikaenda kwa mwana wa marehemu nikiwa na maneno ya kuomba radhi, na sikuyamaliza. Aliwatazama wale watoto.

"Baba aliwafukuza hawa kwa fimbo kwenye mkorosho wake kila msimu," akasema. "Nami pia alinifukuza. Lakini msibani hafukuzwi mtu. Waingie."

Wakaingia, wakazunguka mafiga. Binti yangu alisukumwa mbele. Kutoka nyuma sauti ikasema, si kwa ukali sana, nataka kuwa mwadilifu kwa huyo mtoto: "Muhogo, jua liko wapi?"

Binti yangu akaokota koleo la makaa, akalinyosha.

"Hilo hapo. Msisogee, linaunguza."

Nikageuka nami nikatazama, kana kwamba sijawahi kuuona mfuniko ule. Makaa yalikuwa yanawaka mekundu, upepo ukipita yanang'aa, na kati yake uji wa ngano ulikuwa umekauka na kupasuka, ukaungua mabaka meusi. Mwalimu akashika kichwa.

"Madoa! Jua kweli iko na madoa meusi! Nani alikufundisha?"

"Ni moto umejipaka," binti yangu akasema. Akaanza kuhubiri. Alisema jua ni moto pande zote, halina mahali pa kushika, na mambo mengine ambayo sikuyashika vizuri, kwa hiyo siyaandiki. Waombolezaji walisogea. Katekista aliyekuja kuongoza sala akauliza kwa upole, "Na mbingu, mwanangu, iko wapi hapa?"

Binti yangu akafikiri. "Mbingu hatukupewa kipimo chake."

"Vema," katekista akasema, na nadhani alifarijika.

Kisha wakaanza kutembea. Mwenye mtama alibaki karibu na tenti. Zuhura akasimama penye choo cha jirani, naye hakupapenda, lakini hesabu ni hesabu. Wa dunia alikuwa binti yangu mwenyewe, maana aliomba azishike zote mbili, jua na dunia, akahesabu hatua mia moja kubwa mpaka penye kibanda cha kuchaji simu. Nyuma yake walikwenda watu wengi kuliko darasa. Bi Mkubwa alikuwamo, ameshika pindo la buibui lisiguse tope.

"Ndiyo hii?" akauliza, akapokea punje kwenye kiganja.

"Ndiyo, Bi."

"Na Makka imo?"

"Imo."

"Na Kisauni?"

"Imo, na Mishomoroni pia."

"Na hili tundu?"

"Hilo ni fukusi."

Bi Mkubwa alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo alilolishuku siku nyingi.

Wakati huohuo, kule nyuma, pilau lilikuwa limeiva. Wapishi wakakung'uta makaa na kuuegemeza mfuniko kwenye shina la mnazi, uso wake ukitutazama: duara la njano lenye madoa, mbali, dogo. Binti yangu akapiga kelele, "Haya, nyosheni mkono! Fumbeni jicho moja! Lizibeni kwa ukucha wa kidole cha mwisho!"

Tukanyosha. Likazibika. Mwalimu akaeleza kwamba jua la juu nalo, kwa yule aliye duniani, laonekana na ukubwa uleule, laweza kuzibwa na ukucha uleule, ila tusijaribu kulitazama, tutapofuka. Basi tukasimama pale barabarani, wanafunzi thelathini na kitu, katekista, mwenyekiti, muuza bajia na mimi, kila mtu jicho moja amefumba na kidole kidogo juu. Mwenye kibanda cha simu alitoka, akatutazama, akanyosha chake. Na wale waliobaki matangani walifikiri tunawapungia. Wakatupungia nao, mjane kwa kitambaa, wapishi kwa miko.

Sijui kama nilielewa somo. Lakini nilipoziba ule mfuniko mzito, ambao huwa unanivunja mgongo, kwa ukucha mmoja, nilikiondoa kidole, nikakirudisha, nikakiondoa tena, nipate hakika ni uleule.

Jupita na chungwa ziliendelea mbele mpaka barabara ya lami, nasi tukarudi kutoka duniani kwenda kula. Watoto walipewa sinia zao, kwa hiyo sharti la Bi Mkubwa likatimia bila hata uji. Tukiwa tunakula, simu ya mwalimu ikalia. Aliiweka juu ya sahani iliyofudikizwa ili sote tusikie.

"Mwalimu, tumefika Neptuni."

"Mko wapi hasa?"

"Karibu na soko. Hapa pana mama anauza viazi karai."

"Mnaona jua?"

"Hatulioni. Tunaona lori la vitunguu."

"Andikeni hivyo hivyo," mwalimu akasema, na machoni mwake, nakwambia, palikuwa na machozi ya furaha. Walirudi saa sita bila Neptuni. Walikuwa wameikamulia viazi.

Kabla ya kuondoka mwalimu alinipa fomu ya mzazi. Ilikuwa na swali moja: mzazi alisaidia nini? Nikaandika ukweli: *Muhula uliopita niliharibu. Muhula huu nilishika ndoo, na nikatoa kibali cha jua kuondoka.* Alama ikawa ya kufikia matarajio, si ya kuyazidi. Binti yangu alinuna kidogo. Mwalimu alieleza kwamba jua lilikuwa zuri kupita kiasi, lakini sehemu ya kazi ilifanywa na pilau. Nimelitafakari hilo na naona ana haki.

Lililobaki lilikuwa daftari. Mfuniko uliandikwa kushoto, ukatumika kulia, na somo likafanyika pia. Nikampelekea Bi Mkubwa. Aliutazama ule mstari unaogawa safu mbili, akanirudishia kalamu. "Andika juu ya mstari," akasema. Nikaandika kwa herufi ndogo sana, zikasimama juu ya mstari kama ndege kwenye waya. Nilimwuliza kuhusu dunia, maana niliona mara ya mwisho iko kiganjani mwake. Akasema haikumbuki. Nilipotoka niliona pindo la kanga yake limefungwa fundo dogo sana, lakini sikuuliza, na naomba msamaha kwa kuliandika.

Saa kumi na moja nilimtuma binti yangu dukani kununua chumvi. Kutoka dirishani nilimwona akipita mbele ya watoto waliokuwa wakicheza mpira wa kati. Mmoja wao akaita, "Jua! Wee Jua!" Hakugeuka. Alirudi na chumvi, akaiweka mezani, akakuna kichwa.

"Mama, hatuhitaji kiberiti?"

Kiberiti kilikuwapo, kimejaa. Nikasema tunahitaji. Akatoka tena, polepole, kwa njia ileile.

Chungwa la Zohali nililirudisha kwa mama wa mtoto aliyelitoa, pamoja na kata yake, ili asiseme tulipunguza. Mfuniko nilikuwa nimeulowesha ndani ya karai, na manjano ilikuwa bado haijatoka. Nadhani sehemu yake haitatoka kamwe, na hilo nitalieleza kwenye kikao kijacho. Nazi ilirudi mikononi mwa yule msichana, imepata tope kidogo. Nikaiosha, nikaivunja. Mume wangu aliuliza kama ni halali. Nikamwambia ilikuwa nazi yangu kabla haijawa Jupita. Jioni ile tulikula sima, mchicha uliopikwa kwa tui la nazi hiyo, na matandu ya pilau niliyopewa matangani, ya njano kuliko kawaida. Ile ndimu ya pili, jirani wa Neptuni, tuliikamua juu yake.